Mgomba Uliolala Chini ya Ngazi

Mwalimu,

Jani limetoka.

Nimeanza na hilo kwa sababu wewe ulikuwa unatuambia darasani kwamba mwenye habari aanze na habari, salamu zitamngoja mlangoni. Basi limetoka, jana, kule Kanada, chini ya ngazi za nyumba anayokaa binti yako Nyaboke. Limetoka kwa kitu ambacho tulikuwa tumekichonga kwa kisu mpaka kikabaki kama chungwa. Mimi niko hapa Garissa, joto limenilowesha mgongo, nimeliona kwa simu tu.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho mimi na wewe. Kisomali chako kilikuwa cha sokoni, na mimi Kikisii sijui hata neno la kumfukuza kuku. Makosa yatakuwepo. Kalamu yako nyekundu ninayo mimi, iko kwenye kopo la vijiko, sasa utanisahihisha na nini?

Siku ile hospitalini ulinishika kidole gumba, kidole tu, mkono ulikuwa hauna nguvu ya kushika zaidi. Ukaniambia, "Habiba, kule kuna baridi. Usimwache Nyaboke akae peke yake." Nikasema sawa, Mwalimu. Nilisema haraka, vile mtu humwambia mgonjwa sawa. Sikujua nimekubali nini. Mtu ambaye hajawahi kumiliki sweta ameahidi kumkinga mwenzake na baridi ya Kanada.

Nyaboke hakuweza kuja kukuzika. Karatasi zake za kukaa kule zilikuwa bado, na angetoka asingeruhusiwa kurudi. Najua unajua. Lakini hujui kwamba mimi ndiye nilishika simu ili aone. Nilipanda basi na mwanangu Hamdi mgongoni, alikuwa na miezi mitano, tukafika kwenu Kisii mvua ikinyesha. Mwalimu, niliona migomba ambayo haimwagiliwi na mtu. Imejaa bonde zima, inameta, na hakuna ndoo hata moja. Nilisahau kulia kidogo. Nikasema kumbe mtu huyu aliacha hii, akaja kwetu kubeba maji ya kuoga kwa kopo. Walikuzika kando ya migomba hiyo. Mwisho kabisa Nyaboke akaniomba kwenye simu, "Geuza kidogo, nione migomba."

Baada ya hapo hakushika simu yangu wiki nyingi. Nilituma salamu, nikatuma picha za Hamdi, nikatuma sauti. Kimya. Halafu Jumapili moja ikaja picha. Mgomba mdogo ndani ya ndoo ya plastiki, majani matatu, dirishani. Ati kule wanauza migomba dukani pamoja na maua. Nikampigia, akashika. Nikamuuliza kama unazaa. Akasema, "Hao hata hawajui kama huzaa, Habiba. Wanapenda majani." Tukacheka. Hapo ndipo nilijua ninyi wawili mna kicheko kimoja, kile kinachoanzia puani.

Si unakumbuka tulivyokuwa? Yeye alisomea bweni kwenu Kisii, akija Garissa likizo ananikuta nimekaa mlangoni kwako nasoma kwa sauti, ananiangalia kama mbuzi aliyeingia ndani. Alikuwa ananiita mpangaji. Na mimi nilimwonea wivu viatu vyake. Sasa tukawa watu wa kupigiana kila Jumapili, na habari yetu ni moja, mgomba. Una jani la nne. Una la tano. Ameutoa nje kiangazi chao, umemfika kifuani. Ananiuliza mimi, kwa sababu wako ninao mimi, uko nyuma ya bafu letu, na mkungu wake wa mwisho Hamdi ndiye aliumaliza, alikula ndizi mpaka nyusi zikawa na ndizi.

Ule wako ndio ulinifundisha kila kitu. Nilikuwa darasa la tano uliporudi kutoka likizo na chipukizi ndani ya gunia, umelitoa Kisii mpaka hapa kwa basi mbili. Ukakaa nyuma ya nyumba za walimu, ukalishika kwa magoti, ukaanza kulichonga lile tunguu lake, sehemu nene ya chini ambayo hukaa ndani ya udongo. Tulikuwa watoto wengi tumekuzunguka. Tukanong'onezana, mwalimu anauua. Ulikuwa unatoa wadudu na uozo. Ukasema bila kuinua kichwa, "Mgomba hauonewi huruma ya kisu. Chonga mpaka uone weupe." Halafu ukaupaka majivu ya jiko, ukauacha kivulini siku mbili bila udongo, bila maji, ndipo ukaupanda mahali maji ya bafu yanatokea, ukauzungushia matawi ya miba ya mathenge kuzuia mbuzi. Hooyo, mama yangu, alicheka siku nzima. Alisema ndizi ni za mashamba ya mtoni, huyu mwalimu atalazimika kuoga mara ngapi? Siku ulipomletea kichane cha kwanza hakucheka tena. Alikula moja, akala ya pili.

Na nilipoacha shule darasa la saba, mgongo wa hooyo ulipokataa, wewe hukuja kugombana na mtu. Ulileta chipukizi la mgomba wako, tukalipanda nyuma ya bafu letu. Ukasema nije jioni nikusaidie kumwagilia wako, nikimaliza nikusomee ukurasa mmoja. Nilidhani nakusaidia wewe.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nimezunguka kwa sababu sitaki kulifikia.

Mwezi wa kumi, asubuhi moja, Nyaboke akanipigia siyo Jumapili. Akageuza simu. Majani yote yalikuwa meusi, yamelala, kama mtu ameyamwagia maji ya moto. Nikamuuliza nani amechoma. Akasema ni baridi, baridi ya usiku mmoja. Baridi inachoma, Mwalimu, kumbe. Miaka yote nadhani kuchoma ni kazi ya jua la kwetu. Wiki chache baadaye akanionyesha theluji, nikamwita hooyo aje aone. Hooyo akasema Subhanallah, akaishika simu karibu na macho, akauliza mbuzi wao wanakula nini.

Nyaboke aliukata yale majani, akaingiza ndoo ndani, akaiweka chini ya ngazi kwenye chumba cha chini ambacho hakina joto wala hakina theluji. Kule dukani walimwambia auache hivyo, ulale mpaka baridi iishe, asiupe maji ila tone. Akaniuliza mimi.

Nikakataa. Unajua sisi tulivyo na maji. Hapa hata adui yako akipita anapewa kikombe. Hooyo akiona mti wa mtu umenyauka barabarani anaumwagia maji ya udhu. Na wewe ulisema mgomba ni kama mtoto anayenyonya, usingoje alie. Nikamwambia Nyaboke, "Hao ni wauza maua. Sisi na mama yako ndio watu wa mgomba. Upe kopo moja kila jioni." Nilisema na jina lako, Mwalimu, ndiyo maana alitii.

Alitii miezi miwili. Akirudi kutoka kazi yake ya kuwaosha wazee, usiku umeshaingia saa kumi jioni, anashuka na kopo lake. Mwezi wa kwanza akasikia harufu. Akashika shina, likamfuata mkononi kama ugali uliomwagikiwa na maji.

Alinitumia sauti. Ninayo mpaka leo, siwezi kuifuta wala kuisikiza tena. Alisema, "Mama sikumzika. Na sasa hata huu nimeuua. Habiba, usinipigie kwa siku kidogo, sina sauti ya mtu."

Na mimi nikanyamaza. Hilo ndilo naliandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mwingine. Nilijua ni maji yangu. Nilijua mara moja, kwa sababu nilikumbuka zile siku mbili kivulini, bila udongo, bila maji. Wewe mwenyewe ulikuwa umenionyesha kwamba kuna wakati mgomba hunyimwa. Nilikuwa nimechukua nusu ya mafundisho yako, ile nusu inayofanana na sisi. Siku mbili nilimwacha Nyaboke akiamini yeye ni mtu wa kuua vitu, ili mimi nibaki kuwa mtu wa mgomba. Siku ya tatu nilikuwa namnyonyesha Hamdi, akanishika kidole gumba. Kidole tu.

Nikapiga. Nikapiga tena. Mara ya nne akashika, hakusema hujambo. Nikamwambia, "Si wewe. Ni mimi nilikuambia umwagie, na nilikosea, na nilijua tangu juzi." Halafu akasema, "Ulikuwa na uhakika sana, Habiba." Nikasema nilikuwa nao. Akasema, "Kama mama." Kicheko kikaanza puani kwake, kikageuka kilio katikati, na mimi huku Hamdi ananiangalia mdomo vile ninavyolia.

Nikamwambia alete kisu.

Alitandika magazeti sakafuni jikoni, akaegemeza simu kwenye sufuria. Akalitoa lile tunguu kwenye ndoo. Lilikuwa la kahawia, linavuja. Akakata. Kahawia. Akakata tena. Kahawia. Akasema hakuna kitu humu. Nikamwambia maneno yako, mgomba hauonewi huruma ya kisu. Akaanza kukata anahema kama mtu anayepanda mlima. Vipande vinaanguka, kile kitu kinapungua, nikaanza kuogopa tutamaliza chote, nikawa nasoma kila dua ninayoijua. Kisha akaacha. Akakileta karibu na simu. Upande mmoja, mdogo, upana wa kucha mbili, kulikuwa na weupe. Weupe safi, Mwalimu, kama nazi. Akasema polepole, "Habiba. Nyeupe."

Akachonga pande zote mpaka likabaki lile chungwa. Nikamwambia sasa majivu.

Hakuna majivu. Nyumba nzima, jiko la stima. Akafikiria kulipaka unga wa mdalasini badala yake, nikakataa. Nikamwambia aende kwa jirani aombe. Akasema kule mtu haombi, watu hawajuani, ana baridi mbili katika nyumba ile na hajui jina la mtu hata mmoja wa barabara ile. Mwalimu, hapo ndipo nilielewa uliniomba nini. Siyo sweta.

Nikamwambia, "Angalia dirishani. Moshi unatoka kwa nani?"

Akaangalia. Akasema kuna bibi mmoja ng'ambo ya barabara, nyumba yake ina bomba la moshi.

"Basi majivu yapo. Vaa viatu."

Akaenda, akasahau simu juu ya meza. Nikabaki naangalia dari ya Kanada. Nilikaa hapo karibu saa nzima, Hamdi ananivuta nywele, hooyo akapita akaniuliza ninaangalia nini, nikasema namngoja Nyaboke, akakaa na yeye. Tukaangalia dari sote wawili. Hooyo akasema nyumba ni safi.

Aliporudi alikuwa na majivu kwenye kopo la jamu, na amevishwa skafu ambayo hakutoka nayo. Yule bibi alikuwa amemkalisha kwanza karibu na moto, akampa supu, akamuuliza majivu ni ya nini, na Nyaboke akamweleza habari yako yote, wewe na gunia na basi mbili. Sasa huyo bibi huja kila Ijumaa kuangalia chini ya ngazi. Nyaboke humpikia chai ya tangawizi, anakunywa machozi yakimtoka, anaomba nyingine. Ana watoto wanne, hakuna anayekuja. Siku moja alinipungia mkono kwenye simu akaniita profesa. Nyaboke alinitafsiria akicheka hata akakaa chini. Mimi wa darasa la saba.

Lile tunguu tulilipaka majivu, tukaliacha siku mbili, Nyaboke akalizika kwenye udongo mkavu na mchanga, chini ya ngazi. Halafu amri ikawa moja. Usimwagie.

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutofanya kitu. Kila jioni nabeba maji ya bafu nauwekea wako, unakunywa kwa sauti kama ng'ombe, na mimi roho inanisuta kuhusu ule mwingine. Hooyo alinigombeza kweli. Alisema nimemwagiza mtoto wa watu akinyime kiumbe maji, na kiumbe hicho ni yatima.

Ndipo Ramadhani ikaingia. Unakumbuka saa kumi alasiri za hapa wakati wa mfungo, ulimi unakuwa kipande cha ngozi, hata kuku wanakaa kimya. Nikiwa nimelala sakafuni kwenye saruji nikaufikiria ule mgomba gizani, na nikaona, huu nao umefunga. Haujanyimwa. Umefunga, una nia yake, unangoja wakati wake. Nilimwambia hooyo hivyo, akaacha kunigombeza, kama alivyoacha kucheka siku ile ya kichane cha kwanza. Tangu hapo akawa anauliza kila jioni kabla ya tende, yule wa Kanada hajafungua bado? Idi ikafika, sisi tukafungua, mgomba wenyewe ukaendelea. Mwezi wa nne wote ukaendelea. Nyaboke hakulia tena wala hakuuliza kama umekufa. Alikuwa anashuka, anatia mkono kwenye udongo, anapanda, ananiambia, "Bado baridi." Ndiyo ilikuwa salamu yetu.

Jana nilikuwa naosha vyombo nje baada ya chakula cha mchana. Kule ilikuwa alfajiri. Simu ikalia, nikaona uso wake. Akageuza tu. Mwanzoni niliona udongo. Halafu nikaona pembe. Pembe ndogo, nyeupe karibu na kijani, imepasua ule mchanga mkavu, na pembeni yake jani limejikunja kama sigara, na ncha yake imefunguka kidogo, kidogo sana, kama mtoto anapojaribu jicho moja kwanza.

Mwalimu, mimi nilikariri kule duksi, madrasa yetu, nikiwa mdogo kwamba Mungu huihuisha ardhi iliyokufa. Nilikariri vizuri, sikupigwa. Lakini nilidhani ni jambo la ghafla, la mvua kubwa, vile nyasi za huku zinavyotoka baada ya siku tatu. Sikujua kwamba anaweza kulifanya kwenye ndoo, gizani, bila tone, kwa miezi, mtu akipita juu ya ngazi na mifuko ya sokoni. Nilikaa chini hapo hapo kwenye maji ya vyombo. Nikawa nalitaja jina la Mungu tu.

Nyaboke akauliza, "Nimwagie?"

Hilo swali nililingoja tangu mwezi wa kwanza na lilipokuja likanitia hofu. Nilikuwa nimeshajibu mara moja bila kuuliza. Nikamwambia atie mkono kwanza. Akatia. Nikamuuliza udongo ukoje.

Akafikiria. Akasema, "Una joto. Kama mgongo wa mtoto aliyelala."

"Basi mwagia. Kidogo."

Akasema ningoje. Nikamsikia anafungua mlango, anaita ng'ambo ya barabara kwa sauti kubwa, Nyaboke ambaye alisema kule mtu haombi. Yule bibi akaja na nguo ya kulalia na viatu vya theluji. Mimi nikachukua jagi nikaenda nyuma ya bafu, kwenye mgomba wako. Hooyo akaja na fimbo yake. Tukahesabu moja, mbili, tatu, tukamwaga pamoja, huku na kule. Hamdi anatembea sasa, nilisahau kukuambia, naye alikuwa na kopo lake. Yake yote aliyamwaga kwenye miguu yangu.

Karatasi za Nyaboke zimetoka. Atakuja mwezi wa kumi na mbili, na nitampokea mimi, kisha tutapanda basi mbili tuje kwako pamoja. Nitabeba chipukizi la ule wa nyuma ya bafu ndani ya gunia, lirudi kwenu likaone mvua. Tutalichonga hapo mbele yako, Nyaboke atashika kisu. Ukiona nakosea nyamaza tu, yeye atanisahihisha, anaweza.

Uliniomba nisimwache akae peke yake. Sitamwacha. Na nitauliza kwanza kabla ya kujibu, hiyo naiongeza mimi mwenyewe, hukuniomba.

Hamdi ameamka, anataka kalamu. Ulimi wangu wa Kisomali bado unasema bole badala ya pole, Mwalimu, na Nyaboke bado ananicheka. Kwa hiyo bole kwa yote, kwa zile siku mbili nilizonyamaza hasa. Lala. Hatutakusumbua. Udongo tunautia mkono kila asubuhi.

Wako,
Habiba, mpangaji